SIKU NNE ZA KULA NA KUTAZAMA KATIKA MJI WA GUANGZHOU

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja, mpishi kwa kazi yake, mbele ya mkutano wa tawi la Nairobi. Imepigwa chapa hapa kwa sababu wengi walikuwa zamu siku ile na wameomba kuisoma.)



Mnajua ya kuwa wenzetu kumi na wawili wamekuwa wakiweka akiba kila mwezi kwa muda wa miaka miwili, wapate kwenda Uchina pamoja wakati wa likizo. Fedha sasa zimetosha tiketi na malazi. Lakini tangu zilipotosha yameingia maneno. Wengine wanasema: twende tukanunue viatu na simu na mapazia, tuje tuuze, tiketi irudishe gharama yake. Wengine wanasema: sisi tuliweka akiba tukaone mji na tule chakula cha watu, hatukuweka akiba ya biashara. Kamati imeniita mimi kwa sababu nimefika huko mara tatu, na kwa sababu kazi yangu ni jikoni.

Nasema mapema nisimame upande gani, msije mkanidhania hakimu. Mimi ni wa hao wa pili. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanyi kazi siku zisizopungua 21 za likizo yenye mshahara kwa kila miezi kumi na miwili. Siku hizo ni za kupumzika. Mtu anayezitumia kubeba marobota amejiandika mwenyewe kuwa kuli, tena bila ovataimu. Siwadharau wafanyi biashara wetu wanaokwenda Guangzhou. Wao ndiyo kazi yao na wanaijua. Lakini waulizeni wameona nini. Watawatajia hoteli, soko la jumla, ghala la mizigo na kiwanja cha ndege. Wako waliokwenda mara kumi na hawajapata hata siku moja kuketi kunywa chai ya asubuhi ya mji ule, na mimi nasema mtu huyo bado hajafika.

Basi nieleze jinsi ya kuzipanga siku nne. Siku ya kwenda na siku ya kurudi sizihesabu, maana hizo ni za ndege na usingizi. Saa za huko zimetangulia zetu kwa saa tano: sisi tukiamka saa kumi na mbili asubuhi, wao wameshafika saa tano mchana. Siku ya kwanza mtakuwa kama watu waliotoka zamu ya usiku. Msiipakie mambo mengi.

Kwanza, mji mmoja tu. Nimesikia ndugu mmoja akisema tupitie na Beijing. Bwana, kutoka Guangzhou hadi Beijing ni zaidi ya kilomita 1,800. Siku nne hazitoshi mji mmoja wenye watu zaidi ya milioni 18, zitatoshaje miwili? Guangzhou ndio ule ambao Wazungu wa zamani waliuita Canton, na Wachina wenyewe, hata wa mikoa ya mbali, hukubali kwamba watu wa huko wanajua kula.

Pili, wakati. Guangzhou kuna maonyesho makubwa ya biashara yaliyoanza mwaka 1957, na tangu hapo hufanywa mara mbili kwa mwaka: Aprili hadi mwanzo wa Mei, na Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Siku hizo bei ya vyumba hupanda vibaya. Juma la kwanza la Oktoba ni sikukuu ya taifa, na Uchina nzima iko njiani. Wakati wa mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, wafanyi kazi wanarudi makwao na maduka mengi yanafungwa. Kuanzia Mei mpaka Septemba ni joto la Mombasa pamoja na mvua, na mara nyingine tufani kutoka baharini. Ukiondoa zote hizo, zinabaki siku nzuri baada ya katikati ya Novemba na mwezi wa Desemba. Likizo ziombwe sasa, si mwezi mmoja kabla, maana mnajua mameneja wanavyojibu Desemba ikikaribia.

Sasa nije kwenye chakula, na hapa mniwie radhi, nitakaa.

Huko asubuhi watu huenda kunywa chai. Ukisikia neno hilo usidhani ni kikombe na mkate basi. Kwa lugha ya watu wa Guangzhou, kusema twende tukanywe chai ni kusema twende tukaketi, tule vidogo vidogo, tuzungumze mpaka jua lipande. Wazee hufika mapema kabisa na magazeti yao. Kwanza unachagua majani ya chai, kisha vinaletwa vikapu vidogo vya mwanzi vyenye moshi wa mvuke, na ndani ya kila kimoja vitu vitatu au vinne. Kuna vifuko vya kamba vilivyofungwa kwa unga mweupe mwembamba, mpaka rangi ya kamba inaonekana kwa nje. Kuna mikate ya mvuke yenye nyama tamu ndani. Kuna tambi pana za unga wa mchele zilizokunjwa kama mkeka, zikamwagiwa sosi ya soya. Kuna miguu ya kuku iliyokaangwa, ikachemshwa, ikatiwa mvuke mpaka ngozi inaachia mfupa kwa ulimi. Msikunje uso. Mimi kama mpishi nawaambia, mtu anayeweza kufanya mguu wa kuku uwe chakula cha heshima, huyo ni fundi.

Na jambo hili linatuhusu sisi. Katika karne ya 19 kulikuwa na vibanda vya chai vya bei ya chini sana vilivyoitwa nyumba za li mbili, kwa sababu chai ilikuwa li mbili tu, sarafu ndogo kabisa. Palikuwa na meza ya mbao na mabenchi, na waliokaa pale walikuwa wachukuzi na mafundi, wakinywa na kula kipande cha keki kabla ya kazi. Nyumba kubwa zenye vioo vya rangi na bustani zilikuja kuchukua desturi ile ile. Tao Tao Ju ina jina tangu mwaka 1880, na Panxi, iliyo kando ya ziwa la Liwan, tangu 1947. Nendeni mara moja katika nyumba kubwa ya namna hii, mwone ukumbi, na mara nyingine nendeni hoteli ya mtaani isiyo na jina kubwa. Bei hupangwa kwa ukubwa wa sahani, kidogo, cha kati, kikubwa, na kila mtu hulipa kitu kidogo kwa chai yake.

Desturi za mezani ni chache. Mtu akikumiminia chai, gonga meza polepole kwa vidole viwili. Hiyo ni asante. Birika likiisha, acha kifuniko kimekaa upande, na mhudumu ataelewa ya kuwa mnataka maji. Mtawaona wenyeji wakisuuza bakuli na vijiti vyao kwa chai ya kwanza. Fanyeni hivyo hivyo. Na chakula ni cha pamoja, kiko katikati ya meza, kama watu wa Pwani wanavyolizunguka sinia. Mtu asiagize sahani yake peke yake akaikumbatia. Kwa hiyo watu kumi na wawili mezani ni heri, maana mnaonja vingi kwa fedha chache.

Lakini hapa kuna jambo ambalo Kamati lazima ilitazame kabla hatujaondoka, nalo ni nguruwe. Wanne kati ya hao kumi na wawili ni Waislamu. Katika nyumba ya chai ya kawaida nyama ya nguruwe imo karibu kila mahali: ndani ya mikate, pamoja na kamba, na hata keki ya figili inayoonekana kama mboga tupu huwa na soseji, na unga umekandwa kwa mafuta yake. Si haki wenzetu waketi wakitazama maji ya moto huku sisi tunakula, na tena si haki waambiwe wajitafutie. Wao waliweka akiba sawa na sisi.

Shauri langu ni hili. Meza ya Mwislamu sote twaweza kuila. Meza nyingine si sote. Basi chakula cha mchana cha pamoja kiwe katika hoteli za Waislamu. Ziko nyingi, za Wahui na za watu wa magharibi ya Uchina, na mara nyingi zina kibao cha kijani chenye maneno mawili ya Kichina yasomwayo qingzhen. Hapo mtamwona kijana akivuta donge la unga kwa mikono miwili, akilikunja na kulivuta tena mpaka limekuwa tambi nyembamba, na zinaingia katika mchuzi wa ng'ombe mbele ya macho yenu. Kwa chai ya asubuhi, ziko nyumba za Mabuda wasiokula nyama, zinazotengeneza vikapu vile vile kwa uyoga na soya. Sote kumi na wawili twende huko asubuhi moja. Waulizwe tu kuhusu mvinyo wa kupikia, maana hata katika chakula kisicho na nyama huweza kutiwa. Asubuhi ya pili hao wanane waende nyumba kubwa, na wanne waende msikiti wa Huaisheng, ambao nitausema sasa hivi. Tutagawanyika mara moja tu katika siku nne.

Tatu, njia. Mji una gari la moshi linalopita chini ya ardhi, na nauli inaanzia yuan 2. Mistari ni mingi hata kichwa kinazunguka, lakini ninyi mnahitaji mmoja tu, ule wa kwanza, uliofunguliwa kuanzia 1997. Karibu kila kitu ninachowatajia kimekaa juu yake kama shanga katika uzi. Chagueni malazi karibu na kituo chake kimoja, na mtakuwa mmeokoa fedha ya teksi na ugomvi.

Shukeni Ximenkou, na kwa mguu mtafika msikiti wa Huaisheng. Mnara wake mweupe una urefu wa meta 36 hivi, umeviringana, hauna madoido. Mapokeo ya Waislamu wa huko yanasema uliasisiwa na mmoja wa masahaba wa Mtume. Wanahistoria hawakubaliani juu ya hilo, lakini hakuna ubishi kwamba Waarabu na Waajemi walikaa Guangzhou kwa biashara zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa Gedi vilifika kwetu kwa njia za bahari zile zile. Hapo si mahali pa watalii kwanza, ni mahali pa ibada, kwa hiyo ingieni kama watu waliolelewa.

Shukeni Chen Clan Academy. Hili ni jumba lililomalizika mwaka 1894, lililojengwa kwa mchango wa watu wenye jina moja la ukoo, Chen, kutoka wilaya 72 za jimbo la Guangdong, ili vijana wao waje mjini kwa mitihani ya serikali wapate pa kulala. Yaani ilikuwa harambee. Mitihani ile ilifutwa mwaka 1905, jumba likabaki. Mtazame paa: juu ya mgongo wake wote kuna watu, wanyama na majumba ya udongo uliochomwa na kutiwa rangi. Mtazame milango, mbao zimechongwa pande zote mbili. Mafundi wetu wa seremala wapewe saa mbili hapa, wasiharakishwe.

Shukeni Changshou Lu jioni, mtembee katika mitaa ya kale ya Liwan. Hapo ndipo pa uji wa mchele wa mashua. Zamani uliuzwa majini, mpishi akiwa ndani ya mtumbwi. Mchele umechemshwa mpaka haujijui tena, ukatiwa vipande vyembamba vya samaki, karanga na unga uliokaangwa. Ulizeni kama umewekwa nguruwe. Hapo pia mtapata maziwa ya nyati wa kufugwa yaliyogandishwa kwa mvuke, yenye ngozi mbili juu, matamu, na vijana watapenda. Hatua chache kutoka hapo kuna nyumba ya makumbusho ya opera ya Kikantoni, iliyofunguliwa mwaka 2016. Opera hiyo imo katika orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2009. Mtaona mavazi yake, na mkibahatika mtasikia wazee wakiimba. Sauti hizo si rahisi kwa sikio letu mara ya kwanza; vumilieni robo saa. Mlango wa karibu ni nyumba ya baba yake Bruce Lee, aliyekuwa mwigizaji wa opera hiyo hiyo. Najua wengine mtakwenda kwa ajili ya nyumba hiyo tu, na mimi siwazuii.

Na sasa shukeni Huangsha, mvuke kijito mwingie Shamian. Hiki ni kisiwa kidogo chenye miti mikubwa ya jamii ya mkuyu na nyumba za Kizungu. Watu hupiga picha za harusi hapo. Katika karne ya 19 Waingereza na Wafaransa walikichukua, wakakaa humo peke yao. Tarehe 23 Juni, 1925, wafanyi kazi na wanafunzi waliandamana ng'ambo ya kijito hicho, na risasi za askari wa Kiingereza na Kifaransa kutoka Shamian ziliua watu zaidi ya 50. Barabara waliyoangukia inaitwa Liu'ersan, maana yake sita-mbili-tatu, ndiyo tarehe yenyewe. Mnaweza kusimama juu ya daraja na kuona pande zote mbili kwa jicho moja, na upana wake si mkubwa kuliko uwanja wa mpira.

Mgomo uliokuwa umeanza Hong Kong ukaendelea mpaka Oktoba 1926. Maelfu kwa maelfu waliacha kazi kwa mabwana wa Hong Kong wakaja Guangzhou, na kamati ya mgomo, ambayo mwenyekiti wake alikuwa baharia Su Zhaozheng, ikawatafutia malazi na kufungua majiko ya kuwalisha. Mimi nikisoma habari hiyo huwaza kazi ya wapishi wale: kupika mchele wa watu maelfu, kila siku, zaidi ya mwaka mmoja, na fedha ni ya michango. Huyu Su alikuwa pia kiongozi katika mgomo wa mabaharia wa mwaka 1922, uliokwisha mwanzoni mwa Machi kwa mishahara kuongezwa. Mwezi huo huo, tarehe 16, hapa Nairobi, watu waliosimama kumdai Harry Thuku walipigwa risasi. Sisemi mambo hayo mawili yalijuana. Nasema mtu wa chama akifika Guangzhou akaona mnara wa televisheni wenye meta 600 na asisimame dakika tano pale kijitoni, amekosa kilicho chake.

Kuna neno jingine, na sitaki liseme chini chini nje ya mlango. Mama mmoja aliniuliza: kwa nini tupeleke shilingi zetu mahali ambapo watu wetu walitupwa nje? Swali lake ni la haki. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa Covid, Waafrika wengi wa Guangzhou walifukuzwa katika nyumba walizopanga na katika hoteli, wakalala nje, na wengine walikataliwa kuingia madukani na mikahawani. Mabalozi wa Afrika walipeleka malalamiko Beijing. Jambo hilo lilikuwa baya na halifutwi kwa sahani ya kuku. Mimi nimekwenda baada yake, na nimekaribishwa meza moja na wazee nisiowajua; tena nimekaa katika gari la moshi na kiti cha pembeni yangu kikabaki kitupu. Yote mawili ni kweli. Yeyote kati ya kumi na wawili asiyetaka kwenda kwa sababu hiyo, arudishiwe akiba yake yote bila kukatwa, na asiulizwe mara mbili. Hilo naiomba Kamati iliandike.

Kwa wanaokwenda: pasipoti iwe mfukoni daima, maana polisi huweza kuiuliza. Hoteli itawaandikisha polisi yenyewe. Lakini mtu akilala kwa rafiki, lazima akajiandikishe ndani ya saa 24. Viza yatakiwa, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano pia, kwa kuwa twatoka Kenya.

Malipo huko ni kwa simu, kama M-Pesa kwetu, ila wao hutumia Alipay na WeChat. Mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya benki, na afanye hivyo akiwa Nairobi, ajaribu, asingoje kusimama mbele ya muuza uji. Noti chache ndogo ziwemo hata hivyo. WhatsApp na Google hazifunguki kwa mtandao wa kawaida wa huko, basi ambieni watu wa nyumbani mapema wasije wakadhani mmepotea, na wekeni katika simu tafsiri inayofanya kazi bila mtandao. Bakshishi haidaiwi. Mkiona duka lenye mabirika makubwa ya shaba, ni dawa ya majani ya kuondoa joto mwilini. Aliyelelewa kwa mwarobaini ataimeza bila taabu, wengine mtatazamana.

Ninaloomba liamuliwe leo, Bwana Mwenyekiti, ni matatu: tarehe iwe baada ya katikati ya Novemba; chakula cha mchana cha pamoja kiwe kwa Waislamu; na anayetaka kununua bidhaa apewe alasiri ya siku ya nne, kwa fedha yake na uzito wa mzigo wake mwenyewe, si wa kikundi. Mweka hazina anayo hesabu ya tiketi na vyumba, naye ataisoma. Mimi niko tayari kwa maswali.